Kikombe cha Bata na Ukuta Tulioubomoa

Risala ya wafanyakazi wa Chumba cha Cheche na Chumba cha Mnong'ono, Maabara ya Upimaji wa Vifaa

Mgeni rasmi, kabla hatujataja vyeo vyako, ambavyo tumeviandika vyote kwenye karatasi ya pembeni ili tusiruke hata kimoja, tunaomba usikishangae kikombe kilicho mbele yako. Ndiyo, ni kidogo. Ndiyo, kimechorwa bata wa manjano. Na ndiyo, ni kitupu, wakati wenzako wote wa meza kuu wanakunywa chai na kujifanya hawakioni. Si uchoyo wala hatujakusahau. Chai yako iko kwenye birika pale pembeni, inapata moto, na tutaifikia tukimaliza kusoma.

Mkurugenzi wetu, wakuu wa idara mlioketi kwenye viti vyenye foronya, wageni waalikwa, na ninyi wenzetu mliosimama kwa sababu viti vimekwisha, itifaki imezingatiwa kadiri ilivyowezekana.

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, karibu sana. Tumefurahi kukuona, na kwa kweli tulikuwa na hamu, kwa kuwa ziara yako imeahirishwa mara nyingi kiasi kwamba maua ya mapambo yamenunuliwa mara tatu na mara ya mwisho tukanunua ya plastiki. Hayo unayoyaona mezani ni ya plastiki. Tuliyapima, ni plastiki nzuri.

Tungependa kueleza kwa nini risala hii inasomwa na fundi wa meza na skrubu badala ya mmoja wa mabingwa wetu. Kazi ya fundi huyu, yaani mimi, ni kufunga mashine juu ya meza ili zisitikisike. Wenzangu walinichagua kwa sababu nina sauti kubwa na sina cheo cha kuvuliwa. Aliyestahili kusoma ni mkuu wa Chumba cha Cheche, yule dada wa safu ya tatu mwenye koti jeupe, ambaye sote humu tunamwita Mama Radi. Alijaribu kusoma kwenye mazoezi. Mara ya kwanza alilia, mara ya pili alitukana, na afisa itifaki akasema vyote viwili havifai.

Mkurugenzi wetu aliipitia risala hii kwa kalamu nyekundu na kuondoa sehemu alizoona zitakuchosha. Tunamshukuru kwa kukujali. Sehemu hizo tumezirudisha na nyingine ambazo hajaziona tumeziongeza, kwa kuwa tunaamini wewe si mtu wa kuchoka upesi.

Tunalikaribisha pia lori. Mgeni rasmi, msafara wako una magari ya fahari na lori moja lenye kamba, magodoro na vijana wanne wa kubeba mizigo. Tumeliona lilipoegeshwa nyuma ya jengo, mahali ambapo wapangaji wa ziara walidhani hatutaliona. Ofisi zetu zote zina madirisha ya nyuma. Vijana wale tumewapelekea chai, kwenye vikombe vya kawaida.

HISTORIA FUPI, AMBAYO MKURUGENZI ALITAKA IWE FUPI ZAIDI

Kazi ya maabara hii ni kujua kitu kimetengenezwa kwa nini. Mtu analeta bomba, dawa, bati, rangi au pete ya mchumba, nasi tunamwambia kilichomo. Kwa kazi hiyo tuna mashine mbili, na zote mbili zinatumia leza, yaani mwanga uliokusanywa ukawa mwembamba kama uzi.

Mashine ya kwanza inapiga. Inarusha pigo moja kali la mwanga, kitu kinachopimwa kinatoa cheche ndogo, na rangi za cheche ile zinataja elementi zilizomo: chuma hiki hapa, kaboni ile pale. Ndiyo sababu chumba chake kinaitwa Chumba cha Cheche. Ubaya wake ni kwamba inaacha kishimo, kidogo kuliko nukta unayoweka mwisho wa sentensi, lakini kishimo ni kishimo.

Mashine ya pili ni ya upole. Inamulika tu, kisha inasubiri. Mwanga karibu wote unarudi kama ulivyokwenda, ila chembe yake ndogo mno inarudi imebadilika rangi, na katika mabadiliko yale mashine inatambua elementi zimeungana vipi. Ni sauti ndogo sana, inataka giza na subira, ndiyo maana chumba chake tunakiita Chumba cha Mnong'ono. Mkuu wa chumba hicho ni Mzee Kimya, ambaye hakupewa jina hilo kwa kejeli. Ukimsalimia asubuhi, anaitikia saa nne.

Mgeni rasmi, tumesikia kwamba kamati ya kubana matumizi iliuliza kwa nini maabara moja iwe na leza mbili. Swali zuri. Jibu ni kwamba Cheche inakutajia majina ya waliomo ndani ya nyumba, na Mnong'ono inakuambia nani ameoana na nani. Peleka masizi ya sufuria na almasi ya pete kwenye Cheche, vyote viwili itakuambia ni kaboni. Mwanamke aliyevishwa pete anataka kujua zaidi ya hapo. Peleka kijiko cha chuma kitupu kwenye Mnong'ono, itanyamaza kama Mzee Kimya mwenyewe. Kila moja ina ujinga wake, na ujinga huo ndio tutakaouzungumzia leo.

Mashine hizi zilikuja kwa miradi miwili, na kila mradi ulitaka mlango wake na kibao chake. Basi ukumbi mmoja ukagawanywa kwa ukuta wa matofali. Aliyepima ukuta ule hakuangalia dirisha, kwa hiyo ukuta uliishia katikati ya dirisha, nusu huku, nusu kule. Cheche wakifungua nusu yao kwa sababu ya joto, Mnong'ono wanaingiliwa na mwanga na kazi yao yote inaharibika. Hivyo ndivyo ugomvi ulivyoanza. Kila chumba kikanunua birika lake na kuficha sukari yake. Wanacheche waliwaita wenzao wachawi wa gizani, na Wanamnong'ono wakawaita hawa wachoma vitu. Kwa muda mrefu tuliishi kama wake wenza ambao mume wao amesafiri.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, mafanikio ni mengi. Tuligundua mabomba ya maji yaliyokuwa membamba kuliko mkataba. Tuligundua vidonge vya homa vilivyotengenezwa kwa chokaa. Tuligundua kwamba kombe la dhahabu ambalo maabara hii ilizawadiwa kwa utendaji bora ni chuma kilichopakwa rangi, na mkurugenzi akatuomba hilo tusiliweke kwenye mafanikio.

Kwenye rasimu ya awali kulikuwa na fanikio jingine, lililopigiwa mstari: kwamba maabara yetu ilithibitisha usalama wa vikombe vya bati vilivyogawiwa na ofisi yako, mgeni rasmi, kwa vituo vyote vya kulelea watoto. Ni vikombe vyenye bata wa manjano. Unavikumbuka, maana ulipigwa picha ukiwa umekinyanyua kimoja na kutabasamu, na picha hiyo imetundikwa kwenye kila kituo, karibu na sinki.

Fanikio hilo tunaomba kulihamishia kwenye changamoto.

CHANGAMOTO

Chumba cha Cheche kina adabu moja ya zamani. Miaka ya mwanzo, mama mmoja alileta bangili ya marehemu bibi yake, ikapigwa cheche usoni palipong'aa, na mama yule alipokiona kile kishimo alilia hadi tukafunga ofisi. Tangu siku hiyo tukajiwekea sheria: kitu cha mtu tunakipiga pasipoonekana. Pete tunaipiga kwa ndani. Sanamu tunaipiga nyuma ya sikio. Hakuna aliyetufundisha hivyo chuoni, ni heshima tu, na tulijivunia.

Vikombe vilipoletwa, Mama Radi alifuata adabu. Alikigeuza kikombe akakipiga chini, kwenye kitako, ambapo hapajapakwa rangi. Cheche ikasema: chuma, na bati kidogo juu yake. Safi. Akatia sahihi.

Kikombe cha pili kilikwenda Chumba cha Mnong'ono. Mzee Kimya alimulika palepale panapotakiwa, juu ya bata mwenyewe. Lakini juu ya bata kulikuwa na vanishi ya kumng'arisha, na vanishi ya aina ile ikimulikwa inawaka yenyewe kama taa ya harusi. Mnong'ono ukazama humo. Mzee Kimya alisubiri alivyozoea, hakuona dalili ya sumu yoyote, naye akatia sahihi.

Kwa hiyo chumba kimoja kilipima mahali ambapo rangi haipo, na kingine kilipima rangi kikaona vanishi. Hakuna aliyegonga mlango wa mwenzake kumwuliza amepima wapi, kwa kuwa wiki ile tulikuwa tumenuniana kwa sababu ya dirisha. Mkurugenzi alizibana karatasi zote mbili kwa pini moja, ofisi yako ikapiga mhuri, na vikombe vikatangazwa kuwa vimethibitishwa mara mbili. Hapo tunawajibika sisi, mgeni rasmi. Hatutamsukumia mtu.

Kituo cha watoto wetu kiko hapo ng'ambo ya ua. Jioni moja Mama Radi alikwenda kumchukua binti yake, mwenye miaka mitatu, akamkuta ameketi kwenye ngazi akiguguna ukingo wa kikombe huku akisubiri. Watoto wadogo hawanywi tu, wanakula na chombo. Mama Radi alikitoa kinywani akakiangalia. Bata hakuwa na kichwa. Akaingia ndani akavipanga vikombe vyote mezani. Bata wengi hawakuwa na vichwa, na wengine walikuwa wamebaki mkia.

Shangazi anayelea watoto alimwambia asiwe na wasiwasi, vikombe vina cheti, kimebandikwa ukutani. Mama Radi aligeuka akakiona cheti, na chini yake sahihi yake mwenyewe.

Hakurudi nyumbani. Alimpakata mtoto, akashika kikombe, akavuka ua na kuusukuma mlango wa Chumba cha Mnong'ono bila hodi, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu ukuta ule ujengwe. Sisi wengine tulikuwa tunafunga mikoba. Tulidhani ugomvi wa dirisha umefika mahali pabaya na tukakaa kuangalia.

"Wewe ulipima wapi?" alimwuliza Mzee Kimya.

"Juu ya bata."

"Ukaona nini?"

Mzee Kimya alimwangalia mtoto, akaangalia kikombe, na kwa mara ya kwanza alijibu kwa kirefu. "Niliona mng'ao tu," alisema. "Nikaandika salama, nikajua wewe umempiga bata."

"Mimi nilipiga kitako. Nikajua wewe umemsikiliza."

Basi wakatazamana. Tumewahi kuona watu wawili wakigundua kwamba kila mmoja alidhani mwenzake amefunga mlango, kumbe uko wazi, na nyuso zao zilikuwa hivyo. Lakini hapa aliyekuwa mlangoni ni mtoto, na alikuwa anadai kikombe chake arudishiwe.

Tiba yake ilijulikana pale pale. Cheche ipige mara moja juu ya bata, iitoboe ile vanishi. Kisha Mnong'ono uingie ndani ya kishimo hicho hicho, usikilize rangi iliyo chini bila mng'ao. Kisha Cheche ipige tena, itaje majina. Kilichotushinda ni ukuta. Tulikipiga kikombe huku, tukakibeba kuzunguka koridoni kwenda kule, na Mzee Kimya hakukiona kishimo. Alimulika mikwaruzo. Alimulika alama za meno ya mtoto. Kuna siku alipata majibu mazuri sana, tukashangilia, kumbe ni mafuta ya kidole cha mtu aliyekibeba. Kutafuta kishimo kile kwa mashine nyingine ni sawa na kumtafuta chawa uliyemwona jana kwenye kichwa cha mtu mwingine.

Mgeni rasmi, lile pazia la bluu upande wako wa kulia si pambo. Nyuma yake kuna tundu ambalo lori lako linaweza kupita. Ukuta tuliubomoa Jumamosi moja, mimi nikiwa na nyundo na Wanacheche na Wanamnong'ono wakibeba matofali pamoja, wakikohoa vumbi moja. Kibali hatukuwa nacho. Tuliandika barua ya kuomba kibali, kisha tukaona barua itachukua muda, na binti wa Mama Radi alikuwa ameanza kulalamika tumbo. Mkurugenzi ndiyo kwanza anasikia habari hizi, na tunaomba mtu amletee maji.

Tukazifunga mashine zote mbili kwenye meza moja nzito. Hiyo ndiyo kazi yangu na niliifanya kwa moyo wote: leza kali na leza pole zikaelekezwa nukta moja, hata ukitaka zikosane haziwezi. Tukaliziba dirisha lile lote kwa ubao. Ugomvi wa miaka ukaisha kwa misumari minne.

Mnong'ono ulitangulia, kwa kuwa ndio usioharibu kitu. Mng'ao mtupu, kama siku ya kwanza. Kisha Mama Radi akasema, "Bata, nisamehe," akabonyeza. Cheche moja. Kisha tukazima taa, tukaupa Mnong'ono nafasi, na safari hii ukasema wazi: rangi ya manjano ya kromi na madini ya risasi yaliyoungana. Ni manjano ya kupakwa kwenye mitambo na alama za barabarani, haipaswi kukaribia mdomo wa mtu. Cheche ikapiga tena na tena, na kila ilipopiga ilitaja majina yale yale mawili. Kwa mara ya kwanza vyumba vyetu vikatoa jibu moja.

Madini ya risasi yakiingia mwilini mwa mtoto hayapigi kelele. Yanamfanya mzito wa kusikia, mzito wa kushika masomo, mwepesi wa hasira, na mzazi anadhani mtoto ni mtundu. Watoto wa kituo chetu walipimwa damu. Wengine wako salama. Wengine wanarudi hospitali kila mwezi, na binti wa Mama Radi ni mmojawapo. Daktari anasema anaendelea vizuri na kwamba waliwahi. Mama Radi anasema hakuwahi, alichelewa tangu siku alipogeuza kikombe. Tumemwambia mara nyingi asijitese, na hasikii, na sisi wenyewe tukiwa peke yetu hatulali vizuri.

Mgeni rasmi, tulipeleka majibu mapya ofisini kwako. Tulijibiwa kwamba yanapingana na vyeti viwili vilivyokwisha pigwa mhuri, hivyo hayawezi kupokelewa. Baadaye ikaja barua kwamba maabara ina leza mbili zinazofanya kazi ileile, na kwamba Mashine ya Mnong'ono itahamishiwa makao makuu, ikae kwenye ukumbi wa mapokezi ili wageni wajionee teknolojia. Hatusemi majibu yetu ndiyo yaliyoita lori. Tunasema tu kwamba yalitangulia, kisha lori likafuata.

Hapa kituoni kwetu Shangazi alivikusanya vikombe vyote siku ileile tulipopata majibu, akavifungia stoo na ufunguo anatembea nao. Lakini vituo vingine vyote bado vinavitumia. Tunavyoongea sasa ni saa nne na nusu, mgeni rasmi, ni saa ya uji. Huko kote watoto wamekaa kwenye mikeka, wanakunywa kwa vikombe vya bata, chini ya picha yako.

MAOMBI

Mkurugenzi alituelekeza kwamba maombi yasizidi matano na yasiguse bajeti. Tunayo pungufu ya hayo.

Tunaomba kwanza mashine zisitenganishwe. Ile ya Mnong'ono ukiiweka kwenye ukumbi wa mapokezi haitamnong'onea mtu kitu, kwa sababu ya taa. Na hii ya Cheche ikibaki peke yake, itaendelea kuheshimu vitako vya vikombe. Tulikwisha kuona inakuwaje kila moja ikifanya kazi peke yake na nyingine ikidhaniwa imefanya. Halafu, kwa upande wa vijana wa lori, meza niliyoifunga ina skrubu nyingi na bisibisi zangu nimezisahau nyumbani.

Tunaomba, pili, lori lisirudi tupu. Sisi si watu wa kupoteza mafuta ya umma. Lizunguke vituo vyote vya watoto, kuanzia leo, likusanye vikombe vya bata hadi kimoja cha mwisho, na viletwe hapa. Shangazi amekubali kupanda mbele kwa dereva, kwa kuwa anavijua vituo vyote na hapokei jibu la njoo kesho. Magodoro yaliyomo yatafaa, maana Shangazi anaumwa mgongo.

Kuhusu kibali cha kubomoa ukuta, tunaomba tukipate sasa, na kiandikwe tarehe ya Jumamosi ile. Na picha yako kule kwenye masinki, mgeni rasmi, si lazima ishushwe. Unaweza kwenda kupigwa nyingine, ukiwa umesimama karibu na lori, vikombe vikipakiwa. Tunaamini utatoka vizuri zaidi.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, sasa tumefika kwenye chai.

Kikombe kilicho mbele yako hatukukichagua kwa dhihaka. Ni kikombe cha bata, kimetoka stoo kwa Shangazi, kimeoshwa vizuri. Bata wake bado ana kichwa. Kina vyeti viwili vya usalama, kimoja chenye sahihi ya Mama Radi na kingine chenye sahihi ya Mzee Kimya, na vyote vina mhuri wa ofisi yako. Mhudumu amesimama nyuma yako na birika. Sukari imewekwa, kutoka vyumba vyote viwili.

Kama lori litaondoka na mashine, tutaelewa kwamba unaviamini vile vyeti kuliko majibu yetu, na hiyo ni haki yako. Basi mhudumu atakumiminia, nawe utakunywa mbele yetu, taratibu, ukiugusa ukingo kwa mdomo kama wanavyofanya watoto, nasi tutakupigia makofi hadi umalize. Na kama hutaki kunywa, hatutakuuliza kitu zaidi. Utakuwa umekwisha jibu risala.

Mungu akupe afya njema na umri mrefu. Awalinde watoto wako na wajukuu wako, hasa wale wadogo ambao bado wanatia kila kitu mdomoni. Aubariki mkono wako katika kila utakachotia sahihi, na atusamehe sisi kwa tulichokwisha kutia.

Mhudumu, sogea na birika. Mgeni rasmi, sema tu: tumimine au tusimimine?

Ni sisi,
wafanyakazi wa Chumba cha Cheche na Chumba cha Mnong'ono,
ambacho tangu Jumamosi ile ni chumba kimoja.